Kwa nini usaha hurudi kwenye nyonga na goti la bandia

Chuma hakina mshipa wa damu. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya kitendawili cha maambukizi yanayorudi-rudi kwenye kiungo bandia inafumbuka. Dawa unayomeza au kuwekewa kwa dripu husafiri ndani ya damu, na chembe nyeupe zinazopambana na vimelea husafiri humo humo. Mfupa una damu, nyama ina damu. Kipande cha titani, cha mchanganyiko wa kobalti na kromi au cha plastiki ngumu kilichokaa mahali pa nyonga hakina. Bakteria akitua juu yake amepata makao ambayo mwili unayazunguka tu bila kuyaingia.

Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumaliza dozi, homa ikaisha, mshono ukakauka, akaenda harusini na kucheza, kisha miezi kadhaa baadaye goti likavimba tena. Nyumbani huanza kutafutwa mchawi: dawa zilikuwa feki, daktari kaacha kitu ndani, bibi hakupumzika kama alivyoambiwa. Mara chache lawama ina msingi. Mara nyingi jibu liko kwenye maswali mawili ambayo watu hawaulizi: bakteria walikuwa wamejificha wapi, na hawa waliorudi ni wale wale au ni wengine?

Wachache wanaotosha

Kwanza tuweke tatizo kwenye kimo chake. Katika hospitali zenye vifaa, mgonjwa 1 hadi 2 kwa kila 100 wanaobadilishiwa nyonga au goti kwa mara ya kwanza hupata maambukizi ya ndani. John Charnley, daktari Mwingereza aliyeanzisha nyonga ya bandia ya kisasa katika hospitali ya Wrightington mwaka 1962, alianza na hali mbaya zaidi ya hiyo. Akahangaika na hewa ya chumba cha upasuaji, akaichuja, akawavisha wapasuaji mavazi yanayofyonza pumzi zao, na maambukizi yakashuka hadi chini ya 1 kwa kila 100. Kwa hiyo anayeenda kuwekewa nyonga leo hana sababu ya kukosa usingizi. Habari hubadilika kwa yule aliyekwisha kuambukizwa mara moja. Baada ya matibabu makubwa ya kubadili kiungo kizima, ripoti nyingi hutaja wagonjwa 10 hadi 20 kwa kila 100 wanaougua tena, na wale ambao kiungo kilifunguliwa na kuoshwa tu bila kubadilishwa huwa na matokeo mabaya zaidi ya hapo.

Kwa nini kitu kigeni kina nguvu kiasi hicho? Mwaka 1957, watafiti S. D. Elek na P. E. Conen wa London waliwadunga watu waliojitolea bakteria aina ya stafilokokasi chini ya ngozi, wajue ni wangapi wanahitajika ili jipu litoke. Kwenye ngozi tupu walihitajika mamilioni. Pale palipokuwa na uzi wa hariri wa kushonea, walitosha mia chache. Uzi mmoja tu! Goti la bandia lina eneo la kutua kubwa kuliko nyuzi nyingi zikiunganishwa.

Bakteria wenyewe mara nyingi hawatoki mbali. Kuna stafilokokasi epidemidisi, anayeishi juu ya ngozi ya kila mmoja wetu bila ugomvi. Akipata chuma hukaa kimya miezi mingi, na dalili yake huweza kuwa maumivu tu na kiungo kulegea, bila homa wala usaha. Kuna stafilokokasi aureasi, mkali zaidi, mwenye tabia ya kusafiri kwa damu. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2001 uliangalia wagonjwa 44 wenye viungo bandia waliokutwa na bakteria huyu kwenye damu: kwa 15 kati yao kiungo kiliambukizwa. Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, kwa hiyo, kinaihusu nyonga pia, hata kama kiko kwenye kidole.

Utelezi wa mtungi

Mtungi wa maji ukikaa bila kusuguliwa, ndani hushika utelezi. Suuza mara tatu, utelezi upo. Mpaka uingize mkono na kusugua. Utelezi huo ni bakteria waliojijengea ute na kukaa pamoja, na ndicho kinachotokea juu ya kiungo bandia. Wataalamu huuita bayofilamu. Hapa nitauita utando.

Bakteria huanza kukishika chuma ndani ya saa chache. Siku zinavyokwenda hutoa ute wa sukari na protini unaowafunika, na baada ya wiki 3 au 4 utando huwa umekomaa kiasi kwamba wapasuaji wengi hawategemei tena kuusafisha bila kukiondoa chuma chenyewe. Kwa hiyo mgonjwa anayefika hospitali siku ya nne tangu goti livimbe na yule anayefika mwezi wa tatu wana ugonjwa wenye jina moja lakini matibabu tofauti kabisa, hata kwa gharama.

Wengi hudhani ute ni ukuta unaozuia dawa isiingie. Hiyo ni nusu ya habari, kwa sababu dawa nyingi hupenya. Tatizo kubwa ni kwamba bakteria wa tabaka za ndani wamepunguza mwendo: hawali sana, hawazaani. Penisilini na jamaa zake humuua bakteria wakati anajenga ukuta wa chembe yake ili agawanyike. Asiyejenga chochote hana pa kupigwa. Kwenye maabara, bakteria walio ndani ya utando wameonekana wakivumilia dawa yenye nguvu mara 100 hadi 1,000 ya ile inayowaua wenzao wanaoelea peke yao.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wahudumu wa afya. Maabara ya hospitali hupima dawa dhidi ya bakteria wanaoelea. Karatasi ya majibu ikionyesha kwamba dawa fulani inamuua kimelea, haisemi uongo. Inamzungumzia yule aliyetoka kwenye utando, si aliyebaki ndani. Mgonjwa akapewa dawa sahihi, kwa dozi sahihi, akaimeza yote, na bado akaugua tena. Hakuna aliyekosea hapo, ila chuma kiliachwa mahali pake.

Stafilokokasi aureasi ana maficho mengine zaidi. Huweza kuingia ndani ya chembe hai za mfupa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wameonyesha kwa hadubini ya elektroni jinsi anavyojibana na kupenya kwenye vijia vya ndani ya mfupa vyembamba kuliko upana wake mwenyewe. Ukitoa chuma chote, mfupa huweza kubaki na akiba. Ndiyo sababu mpasuaji hukwangua na kukata mfupa unaoonekana kufa, na ndugu wa mgonjwa hushangaa kwa nini amekata mwingi.

Yule yule au mgeni

Chukua wagonjwa wawili wa kufikirika. Wa kwanza ana goti la bandia. Lilipoambukizwa, maabara iliotesha stafilokokasi epidemidisi. Akaoshwa, akatumia dawa wiki 6, akapona. Miezi minne baadaye goti limevimba, na kilichoota ni epidemidisi, mwenye usugu kwa dawa zile zile. Huyo karibu hakika ni yule yule, hakuwahi kuondoka. Wa pili ana nyonga. Aliambukizwa na stafilokokasi aureasi, nyonga ikatolewa, akakaa bila nyonga kwa wiki kadhaa, akawekewa mpya. Mwaka uliofuata usaha umerudi, na maabara imeotesha ekolai, bakteria wa utumboni. Matibabu ya kwanza yalifaulu. Hii ni ajali nyingine, iliyotokea barabara ile ile.

Kwa wa kwanza swali ni tulibakiza nini. Je, vipande vya plastiki vilibadilishwa au vilioshwa tu? Chuma kilikuwa kimekaa na utando kwa muda gani? Dawa inayofanya kazi ndani ya utando ilitumika? Kwa wa pili swali ni anaingiliwa kupitia wapi: njia ya mkojo, nyongo, kidonda cha makalio, mshono ambao haukufunga vizuri. Ukimtibu wa pili kama wa kwanza, utamwongezea wiki za dawa kali huku mlango uko wazi.

Wasichotarajia wengi ni jinsi wageni walivyo wengi. Katika tafiti za watu waliobadilishiwa kiungo kwa hatua mbili, yaani cha zamani kutolewa kwanza na kipya kuwekwa wiki kadhaa baadaye, kisha wakaugua tena, sehemu kubwa ya bakteria wa mara ya pili hawakuwa wale wa mara ya kwanza. Huko Philadelphia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 55 wenye viungo bandia zaidi ya kimoja, ambao kimoja kilikuwa kimeambukizwa. Wagonjwa 11 waliambukizwa na cha pili, na kati ya hao 11, wanne tu ndio waliokuwa na aina ile ile ya bakteria. Basi si lazima bakteria wawe walihama kutoka goti moja hadi jingine. Mara nyingi ni mwili wenyewe unaokaribisha.

Mwili unaokaribisha tunaujua kwa sura: kisukari kisichodhibitiwa, unene uliopitiliza, sigara, baridi yabisi inayotibiwa kwa dawa za kushusha kinga, figo zilizochoka, VVU visivyodhibitiwa kwa dawa, lishe duni. Afrika Mashariki ongeza seli mundu. Ugonjwa huu hukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi kinakufa, na hivyo vijana wa miaka 25 au 30 hujikuta wakihitaji nyonga ambayo kwa kawaida ni ya wazee. Hatari yao ya kuambukizwa ni kubwa kuliko ya wengine, na wana miaka mingi mbele yao ya kurudi mezani kwa upasuaji wa marudio.

Na kila marudio huacha deni. Ngozi iliyokatwa mara tatu ina makovu, makovu yana damu chache, mfupa umepungua, upasuaji unachukua saa nyingi zaidi. Mgonjwa wa upasuaji wa nne anaanza akiwa nyuma hata kama daktari ni bora kuliko wote waliotangulia.

Lipo kundi dogo ambalo halipaswi kusahaulika kwetu. Sampuli inaoteshwa, hakiotei kitu, mgonjwa anapewa dawa za kubahatisha, usaha unarudi. Kumbe ni kifua kikuu cha kiungo, au fangasi. Uoteshaji wa kawaida haumwoneshi bakteria wa TB, na asipoombwa kutafutwa kwa jina lake hatafutwi. Katika nchi zetu kumwomba ni jambo la busara tu.

Kidonge kabla ya sindano

Kama kuna kosa moja ambalo ningependa lipungue, ni hili. Goti la bandia limeanza kuuma na kupata joto. Mtu anapita duka la dawa la mtaani, anaeleza, anapewa amoksilini au siproflokisasini ya siku 5. Anapata nafuu, na nafuu ni ya kweli, kwa maana dawa imewaua wanaoelea. Utando umebaki. Mwezi unapita, maumivu yanarudi, anarudi dukani, safari hii anapewa aina nyingine. Akifika kwa daktari bingwa wa mifupa, wiki 3 au 4 za thamani zimeshaliwa, na mbaya zaidi, sampuli yake haiotei kitu kwa sababu bado ana dawa mwilini.

Homa nayo ina mkasa wake huku kwetu. Homa ikija, wazo la kwanza ni malaria, na likifuatwa na UTI basi kazi imekwisha. Mwenye kiungo bandia akipata homa, goti au nyonga yake iangaliwe siku hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimetoka chanya.

Mpangilio unaofaa ni kinyume cha mazoea: sindano kwanza, kidonge baadaye. Daktari huchukua damu ya kupima CRP, kipimo kinachopanda mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, kisha kwa usafi wa hali ya juu anaingiza sindano kwenye kiungo na kuvuta maji. Chembe nyeupe zikizidi 3,000 kwa kila maikrolita katika kiungo kilichokaa muda mrefu tangu upasuaji, mashaka ni makubwa. Isipokuwa mgonjwa yuko mahututi kwa sumu ya bakteria kwenye damu, siku chache za kusubiri kabla ya kuanza dawa hulipa.

Angalia kinachofanyika kwenye chumba cha upasuaji, maana ndugu wengi hudhani usaha ukipakwa kwenye pamba inatosha. Pamba haisaidii sana. Mpasuaji hukata vipande 5 au 6 vya nyama kutoka sehemu mbalimbali zinazogusana na chuma. Kila kipande hukatwa kwa kisu na koleo ambavyo havijagusa kipande kilichotangulia, na kila kimoja huingia kwenye kichupa chake chenye namba. Sababu ya usumbufu wote huo ni yule epidemidisi wa kwenye ngozi. Akiota kwenye kichupa kimoja tu, huenda alidondoka njiani. Akiota kwenye viwili au zaidi, yumo. Maabara nayo inatakiwa kuviacha vichupa hadi siku 14, kwa kuwa wapo wanaoota polepole. Ukivitupa siku ya tatu utaandika kwamba hakuna kitu.

Pale penye uwezo, chuma kilichotolewa hutiwa kwenye chombo chenye maji safi na kutikiswa kwa mawimbi ya sauti hadi utando unaachia, kisha maji yale ndiyo yanayooteshwa. Mwaka 2007 Andrej Trampuz na wenzake walilinganisha njia hiyo na vipande vya nyama. Vipande vya nyama viligundua maambukizi kwa karibu 61 kati ya 100, mtikiso kwa karibu 79. Kwa wagonjwa waliokuwa wametumia antibayotiki ndani ya siku 14 kabla ya upasuaji, nyama ilishuka hadi 45, mtikiso ukabaki 75. Tofauti hiyo ya 61 na 45 ndiyo bei ya kidonge cha dukani, na katika hospitali isiyo na mashine ya kutikisa hakuna pa kuifidia.

Kuosha, au kung'oa

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kufungua, kukata nyama iliyooza, kuosha kwa maji mengi, kubadilisha vipande vya plastiki vinavyotoka, na kukiacha chuma kilichoshika mfupa. Inafaa kwa maambukizi mapya, chuma kikiwa bado imara. Kubadilisha plastiki si mapambo: nyuma yake, pale inapokutana na chuma, ndipo utando unapojificha na maji hayafiki. Na hapa linaingia jambo la karatasi. Plastiki ya mtengenezaji mmoja haiingii kwenye chuma cha mwingine, na hata saizi lazima ilingane. Watanzania na Wakenya wengi hufanyiwa upasuaji India, wakarudi na picha za X-ray tu. Miaka miwili baadaye mpasuaji wa Dar es Salaam au Nairobi anajikuta anamfungua mgonjwa bila kujua aagize kipande gani. Zile stika ndogo zenye jina la kiungo, saizi na namba ya toleo, ambazo hubandikwa kwenye faili siku ya upasuaji, omba nakala yake na uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Njia ya pili ni kutoa kila kitu na kuweka kipya siku hiyo hiyo. Hans Wilhelm Buchholz wa Hamburg, ambaye pia alikuwa wa kwanza kuchanganya antibayotiki ya jentamaisini kwenye saruji ya mfupa, ile inayoshikiza kiungo bandia kwenye mfupa, aliifanya kuwa sanaa. Mwaka 1981 yeye na wenzake waliripoti wagonjwa 583 wa nyonga, na 77 kati ya kila 100 walifaulu kwa jaribio moja. Njia ya tatu ni hatua mbili, iliyotangazwa na John Insall wa New York mwaka 1983 kwa magoti: toa, jaza nafasi, tibu wiki kadhaa, kisha weka kipya. Siku hizi nafasi ile hujazwa kwa bonge la saruji yenye antibayotiki inayovuja polepole.

Kwa miaka mingi hatua mbili zilichukuliwa kuwa ndiyo salama zaidi, hasa Marekani. Mimi nadhani imani hiyo ilizidi ushahidi. Mgonjwa hukaa wiki au miezi kati ya hatua mbili akiwa hatembei vizuri, na wapo ambao hawafiki hatua ya pili kabisa, kwa kudhoofika au kufa, na hesabu za ufanisi mara nyingi huwasahau. Jaribio lililofanyika Uingereza na Uswidi kwa wagonjwa 140 wa nyonga, lililochapishwa mwaka 2022, halikuona tofauti ya maumivu na utembeaji baada ya miezi 18, na wa hatua moja walipata nafuu mapema. Kwa mgonjwa anayelipa mwenyewe, upasuaji mmoja badala ya miwili si jambo dogo.

Kuhusu dawa, mambo mawili yamepata majibu mazuri karibuni. Jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2019, lenye wagonjwa 1,054 wa maambukizi ya mifupa na viungo, lilionyesha kwamba baada ya siku za mwanzo vidonge vilivyochaguliwa vizuri si dhaifu kuliko dripu ya wiki 6. Yule anayeuza shamba ili alazwe wiki 6 kwa ajili ya sindano, pengine hakuhitaji. La pili ni muda. Wafaransa walilinganisha wiki 6 na wiki 12 kwa maambukizi ya kiungo bandia, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba maambukizi yaliendelea au kurudi kwa wagonjwa 18 kati ya 100 waliotumia wiki 6, na 9 kati ya 100 waliotumia wiki 12. Daktari anayesema miezi mitatu hachezi na fedha yako.

Kisha kuna rifampisini. Kwetu inajulikana kama dawa ya TB, ile inayogeuza mkojo rangi ya machungwa. Ni miongoni mwa dawa chache zinazomfikia stafilokokasi aliyelala kwenye utando. Werner Zimmerli na wenzake wa Uswisi, mwaka 1998, waliwaosha wagonjwa wenye maambukizi mapya na kuwapa siproflokisasini. Waliomaliza dawa wakiongezewa rifampisini walikuwa 12 na wote 12 walipona, wasioongezewa walipona 7 kati ya 12. Idadi ni ndogo, na jaribio la Norwei la mwaka 2020 halikuona faida hiyo, lakini bado madaktari wengi huitumia. Masharti yake ni makali. Haitumiki peke yake hata siku moja, maana bakteria huijengea usugu haraka. Haianzwi kidonda kikiwa bado kinatoa majimaji mengi. Na inaharakisha ini kuziondoa dawa nyingine: mwenye VVU anayetumia dolutegraviri huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja, vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki tena, wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hulegea. Mgonjwa asipoulizwa anatumia nini kingine, tatizo jipya linazaliwa wodini.

Kabla ya kurudi mezani

Kwa kuwa wageni ni wengi hivyo, kazi nyingi ya kuzuia marudio hufanyika nje ya chumba cha upasuaji. Sukari ishuke. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla. Lishe irekebishwe, maana kidonda hakifungi kwa mwenye protini chache kwenye damu. Meno mabovu yang'olewe kabla, siyo baada. Vidonda vya miguu vikauke. Bakteria wa puani watafutwe na kupakiwa dawa pale inapowezekana. Upasuaji ambao si wa dharura unaweza kusubiri haya, na daktari anayeuahirisha kwa sababu ya sukari anakutendea wema.

Tuseme pia yale ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi vya hospitali. Kuchanja chale juu ya goti linalouma, kuumikwa au kufanyiwa hijama mahali pale pale, kukandwa kwa maji ya moto hadi ngozi inachubuka: kwa mwenye goti lake la kuzaliwa pengine ataondoka salama, kwa mwenye chuma ni kufungua mlango kwa wembe. Anayetaka hijama aifanye mbali na kiungo, na amwambie mtaalamu wake ana chuma. Vilevile sindano ya steroidi ndani ya kiungo katika miezi 3 kabla ya kuwekewa cha bandia huongeza hatari ya maambukizi; aliyedungwa aseme, asione aibu.

Swali la meno huulizwa sana: je, kila nikienda kung'oa jino nimeze antibayotiki? Zamani wengi waliambiwa ndiyo. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, mwaka 2015, kilishauri kwamba kwa walio wengi haihitajiki. Mswaki wa kila siku una faida kubwa kuliko kidonge cha mara moja. Wenye kinga dhaifu sana waamue na daktari wao.

Na mshono unaovuja. Kuvuja siku mbili tatu baada ya upasuaji ni kawaida. Ukizidi wiki moja, usibadilishiwe bandeji nyumbani na kupewa vidonge. Rudi kwa aliyekupasua.

Ikigoma kabisa

Wapo ambao watafunguliwa mara tatu, nne, na usaha ukarudi. Hapo mazungumzo hubadilika kutoka kuponya hadi kuchagua maisha ya namna gani yanavumilika. Nyonga huweza kutolewa moja kwa moja bila kuwekewa nyingine, upasuaji unaobeba jina la Girdlestone wa Oxford, aliyeutumia enzi za TB ya nyonga. Mguu hufupika kwa sentimita kadhaa, mtu hutembea kwa gongo na kiatu kilichoinuliwa, lakini usaha mara nyingi hukauka. Goti huweza kuunganishwa likawa mfupa mmoja usiokunjika. Kwa mtu wa choo cha kuchuchumaa na kiti chembamba cha daladala huo ni uamuzi mzito kuliko unavyosikika kwa daktari mgeni, na mgonjwa ana haki ya kufungwa plasta ya goti siku chache kwanza ili ajionee mwenyewe. Kukata mguu kupo pia, na kwa mwenye sumu ya bakteria kwenye damu ndiko kunakookoa maisha.

Kisha kuna chaguo ambalo vijana wa kada ya udaktari hulidharau: kutoponya. Mzee wa miaka 82, moyo wake dhaifu, goti linatoa majimaji kidogo kupitia tundu dogo pembeni ya kovu, lakini bado anatembea mpaka msikitini na kurudi. Upasuaji mwingine unaweza kumuua. Madaktari wazoefu wengi humpa doksisaiklini au Septrini ya kila siku bila kikomo, wakimpima figo na ini kila baada ya miezi michache, na kumweleza yeye na wanawe waziwazi kwamba dawa hii inawabana bakteria tu, na siku ikikatika watarudi.